Megapikseli 200 chini ya jua la Dodoma: kamera ya simu ya milioni tatu ipimwe wapi?

Duka la simu ni mahali pabaya pa kujaribia kamera. Taa ni nyeupe na nyingi, muuzaji ametulia tuli, na picha inaangaliwa kwenye kioo kilekile cha simu iliyoipiga. Hapo hata simu ya laki tatu inatoa picha kali. Mtihani wenyewe uko nje ya mlango: jua la saa saba mchana, vumbi la Agosti, uso mweusi pembeni ya shati jeupe, halafu safari ya picha hiyo kupitia WhatsApp mpaka kwenye simu ya mtu aliyeko Kariakoo.

Chukua Samsung Galaxy S25 Ultra kama mfano. Ilizinduliwa Januari 22, 2025 kwa bei ya kuanzia dola 1,299 huko Marekani. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni zaidi ya Sh3 milioni, kabla hujaweka ushuru na faida ya muuzaji. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 Julai 2025. Yaani hata baada ya nyongeza hiyo, hii ni simu ya mishahara sita na ushee, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Kwa mji uliojaa watumishi kama Dodoma, hesabu hiyo si ya utani.

Na kinachouzwa kwa bei hiyo, kusema ukweli, ni kamera. Simu ya nusu bei inafungua WhatsApp kwa kasi ileile. Mgongoni mwa S25 Ultra kuna lenzi nne: ya kawaida yenye megapikseli 200, ya kupiga eneo pana yenye 50, na mbili za kuvuta vitu vya mbali, moja mara tatu (megapikseli 10) na nyingine mara tano (megapikseli 50). Kwenye karatasi inatisha. Swali ni kiasi gani cha hayo yote kinafika kwenye jicho la anayeangalia picha.

200 inageuka 12, halafu 2

Kwa mipangilio inayotoka nayo kiwandani, simu hii haikupi picha ya megapikseli 200. Inakupa 12. Pikseli zake ni ndogo mno, kila moja ina upana wa maikromita 0.6 tu, kwa hiyo haipati mwanga wa kutosha ikiwa peke yake. Simu inaziunganisha 16 zifanye kazi kama moja. Huo si wizi, ni ufundi mzuri, na ndiyo sababu picha za jioni zinatoka safi kiasi hicho. Ukiitaka 200 kamili unaiwasha mwenyewe, na inafaa mchana kweupe kwa kitu kisichotikisika: ramani ya ukutani, bango, mandhari ya mji ukiwa juu ya kilima. Faili lake ni zito, linakula nafasi na linakula bando.

Halafu inakuja WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa mpaka inabaki na takriban megapikseli 2. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD kinachopunguza ukatili huo, na ukiituma kama dokumenti inafika ilivyo. Lakini watu wangapi wanakumbuka kubonyeza? Tofauti ya milioni mbili na nusu kati ya simu mbili inaweza kuishia kwenye kitufe ambacho hukukigusa.

Kuna jaribio rahisi ambalo matangazo hayalipendi. Piga kitu kilekile mchana kwa simu ya daraja la juu na kwa simu ya kati, zitume picha zote mbili WhatsApp kwa mtu wa tatu, usimwambie ipi ni ipi. Ikiwa ni jengo au mti, mara nyingi atakisia tu. Akishindwa kuchagua, umejua thamani ya hizo megapikseli kwa matumizi yako wewe. Pa kutafutia tofauti ya kweli ni penye mwanga mgumu, penye mwendo na penye ngozi ya mtu.

Jua la utosini na uso wa mtu

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Oktoba ndiyo kali zaidi kwa mpiga picha: mvua bado, majani yamekauka, ardhi nyeupe inarudisha mwanga machoni. Mtu akisimama nje muda huo, macho yake yanazama kwenye kivuli cha paji la uso huku mabega yakiwaka.

Simu za kisasa zinapambana na hali hiyo kwa kupiga fremu kadhaa kwa mkupuo, nyingine zenye mwanga mwingi na nyingine kidogo, kisha kuzishona ziwe picha moja. Hapa simu ya bei mbaya inastahili sifa yake. Inaokoa anga lisiungue na inaokoa uso usipotee. Shida ni pale inapozidisha. Uso unanyanyuliwa mpaka unakuwa wa kijivu, kila kivuli kinafutwa, na anga linafanana na ukuta uliopakwa rangi jana. Picha haina kosa ambalo ungeweza kulinyooshea kidole, ila aliyepigwa anaiangalia na kuuliza, "Huyu ni mimi?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko simu. Enzi za filamu, maabara za picha zilizotumia vifaa vya Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Wenye ngozi nyeusi wakazama gizani, yakabaki meno na macho. Kamera za kidijitali zilipokuja, sehemu ya mazoea hayo ilihamia kwenye programu.

Transsion ya China, kampuni mama ya Tecno, Infinix na Itel, ilijijengea soko Afrika kwa sehemu kwa sababu ililiona tatizo hilo mapema na kutengeneza kamera zilizofikiria nyuso nyeusi. Google ilikuja na mfumo wake wa Real Tone kwenye Pixel 6 Oktoba 2021. Ndiyo maana usishangae mwenye Tecno Camon akisema picha yake ya send-off imependeza kuliko ya mwenye simu ya milioni tatu. Anaweza kuwa anasema kweli.

Lakini kuna mtego hapo. Kupendeza na kuwa sahihi ni vitu viwili. Simu nyingi zinatoka kiwandani filta ya urembo ikiwa tayari imewashwa kwenye kamera ya mbele, na kazi yake ni kulainisha ngozi na kuitakatisha. Ukijaribu simu kwa selfi peke yake, unaijaribu filta, hujaijaribu kamera. Jaribio la maana linataka watu watatu wenye rangi tofauti za ngozi, mmoja kavaa shati jeupe, wamesimama chini ya mwarobaini mchana, nyuma yao jua linawaka. Angalia mambo mawili tu: yule mweusi zaidi kabaki na rangi yake, na mikunjo ya shati jeupe bado inaonekana? Linganisha picha na watu wenyewe wakiwa bado wamesimama pale. Ukiilinganisha na picha ya simu nyingine, utachagua inayong'aa zaidi, kwa sababu jicho la binadamu ndivyo lilivyo.

Zabibu zilizoiva kwenye kioo

Rangi inapohama kutoka kwenye uso kwenda kwenye bidhaa, inakuwa suala la hela. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tunda likishakatwa halisubiri. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi akitaka kumshika mnunuzi wa Dar es Salaam, anatanguliza picha. Mnunuzi anaamua bei kwa kile anachokiona kwenye kioo, usiku, akiwa kitandani.

Samsung kwa miaka mingi imesifika, na kusemwa, kwa kukoleza rangi, ingawa matoleo ya karibuni yametulia kidogo. Simu ikitambua kuwa inapiga chakula au matunda, inaongeza utamu wenyewe. Kishada chenye punje za kijani katikati kinaweza kufika Dar kikiwa chekundu kuliko kilivyo shambani. Kreti likifunguliwa, lawama zinaanza, na hakuna anayeilaumu simu. Mfanyabiashara wa vitunguu wa Singida yuko kwenye hatari hiyohiyo, maana rangi ya ganda ni sehemu ya bei.

Kinga yake ni karatasi nyeupe ya kawaida. Iweke pembeni ya kishada, piga juani, kisha piga kivulini. Karatasi ikitoka ya bluu au ya njano kwenye picha, basi na zabibu inasema uongo kwa kiasi hichohicho. Simu nzuri kwa kazi hii ni ile ambayo karatasi inabaki nyeupe sehemu zote mbili, na sifa hiyo haiandikwi kwenye boksi. Ukiiacha karatasi ndani ya picha unayoituma, mnunuzi naye anapata cha kupimia.

Giza likiingia, mabega hayatulii

Jua likizama, kama saa 12 na nusu hivi, giza la Dodoma linakuja haraka. Hapo ndipo wapimaji wengi hupiga picha ya jengo lenye taa, wanasifia, wanaondoka. Jengo halichezi. Kipimo cha haki ni muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo inayopigwa ikiwa imebanwa katikati ya miguu, mikono haitulii na mabega yanarindima. Kamera ikikosa mwanga inalazimika kukaa wazi muda mrefu zaidi, na ule mtindo wa kushona fremu nyingi unafanya kazi vizuri kwa kilichotulia tu. Mti wa nyuma unatoka safi, mpigaji ngoma anatoka na mikono mitatu.

Kwenye hili, S25 Ultra haina kinga ya pekee. Simu za Samsung zimelalamikiwa kwa miaka na wapimaji wa nchi mbalimbali kwa kuchelewa kukamata kitu kinachokwenda: mtoto anayekimbia, mpira, mchezaji. iPhone na Pixel zimekuwa na jina zuri zaidi hapo. Anayepiga harusi au mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma kwa simu afanye jaribio hili kabla ya lolote, tena kwa mkono wake mwenyewe. Njia ya kujinusuru ipo, unaingia sehemu ya Pro na kulazimisha kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi. Picha itakuwa na chenga kidogo, lakini mtu atakuwa na mikono miwili. Ukumbini chini ya taa za LED kasi hiyo inaweza kuleta mistari, kwa hiyo ishushe kidogo mpaka ipotee.

Dirisha la treni ya SGR nalo ni kipimo kizuri kwa mwenye nafasi. Treni inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, na kwa kuwa kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, nguzo zilizo karibu na reli zinatoka zimeinama kama zimesukumwa. Simu inayosoma haraka inaziinamisha kidogo. Zima flashi, bandika simu kwenye kioo cha dirisha.

Kuhusu vumbi, kiwango cha IP68 maana yake halipenyi ndani ya simu. Halina habari na lililoganda juu ya kioo cha lenzi likichanganyika na mafuta ya vidole. Picha nyingi zenye ukungu zinazolaumiwa kwa kamera zinatibika kwa kufuta. Ila pulizia kwanza, ndipo ufute, maana mchanga una chembe ngumu kuliko kioo na pindo la kanga lenye vumbi linaweza kuchora mistari ya kudumu. Na joto: Samsung na Apple wote wanashauri simu itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Simu iliyokaa juu ya dashibodi ya gari Novemba inapunguza mwanga wa kioo na inaweza kukatisha video bila kukuuliza.

Mwezi wa Samsung na michoro ya Kolo

Machi 2023 mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit aliweka picha ya mwezi iliyofifishwa makusudi kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo yanayoonekana vizuri, mashimo ambayo hayakuwemo kwenye kile alichopiga. Samsung ilieleza kuwa programu yake imefunzwa kuutambua mwezi na kuuongezea undani, na kwamba mtu anaweza kuizima. Mapema 2024 mmoja wa wakubwa wake, Patrick Chomet, alikwenda mbali zaidi, akasema kimsingi kwamba hakuna kitu kama picha halisi, maana kila kamera hujenga upya kilichopo mbele yake.

Kifalsafa ana hoja. Kwa mtu wa nyanda za kati, hoja hiyo ina gharama.

Nenda Kolo, wilayani Kondoa, kaskazini mwa Jiji la Dodoma kwenye barabara ya Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro ni zaidi ya 150. Mary Leakey alitumia miezi ya mwaka 1951 kunakili michoro hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari. Leo mgeni anaelekeza simu, programu inaona ukuta wenye "madoa" mekundu yaliyofifia, na inafanya ilichofundishwa: inanoa kingo, inasafisha chenga, inakoleza rangi. Mstari uliokuwa ufa wa jiwe unaweza kuonekana kama mguu wa mnyama. Mkono uliofifia unaweza kusafishwa kama uchafu. Watafiti nao hukoleza rangi za michoro kama hii kwa programu maalumu, lakini wanabaki na picha ya asili na wanajua walichobadilisha. Simu haikwambii. Anayetaka kumbukumbu ya maana apige kwa mfumo wa RAW, ambao S25 Ultra inao, asivute kwa zumu bali asogee mpaka mpaka wa mgeni unaporuhusu, na flashi ibaki imezimwa.

Mwamba unaweza kusubiri. Kiwanja hakisubiri. Dodoma ni jiji la viwanja, na migogoro ya ardhi ilikuwepo tangu enzi za CDA, iliyovunjwa Mei 2017 na kazi zake kupelekwa kwa manispaa, ambayo sasa ni jiji. Mtu akienda kuona kiwanja Jumamosi anapiga picha ya bikoni, ya mpaka, ya karatasi ya malipo. Siku mambo yakiharibika, picha hizo ndizo mdomo wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake unategemea namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Namba ya bikoni iliyopigwa kwa zumu ya mara 100 kutoka barabarani ni kisio la programu. Herufi za mbali hugeuka maumbo yanayofanana na herufi. Shuka kwenye gari, isogelee, piga kwa lenzi ya kawaida. Tunza faili la asili kwenye simu, kwa sababu nakala ya kawaida ya WhatsApp hupoteza taarifa za saa na mahali. Na usiiguse kwa zana za akili mnemba, hata kama ni kuondoa bodaboda iliyopita mbele. Samsung huweka alama kwenye picha iliyohaririwa hivyo, na wakili wa upande wa pili akiiona atafurahi sana.

Kama bado unainunua

S23 Ultra ya mwaka 2023 nayo ilikuwa na kamera ya megapikseli 200 inayotoa picha za 12. Mchana, kwa kazi nyingi zilizotajwa hapa, pengo lake na S25 Ultra ni dogo kuliko pengo la bei. Anayelipwa kwa picha zake, hasa za vitu vya mbali na video, ana sababu ya kwenda juu zaidi. Anayepiga za stetasi atapata zaidi kwa kubonyeza HD.

Kuna jambo la mwisho la kufanya kabla hela haijatoka. Tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, bandia hazijaisha, zimekuwa nzuri zaidi kwa sura, na nyingine zina "lenzi" ambazo ni vioo vitupu. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, itume kwenda 15090, na jibu lilingane na simu uliyoshika. Kisha toka nje ya duka kwenye mwanga, elekeza kamera kwenye kitu cha mbali, mnara au paa la mwisho wa mtaa. Badilisha zumu: 0.6, 1, 3, 5. Kwenye kila hatua ziba lenzi moja moja kwa kidole. Pasipo giza kwa lenzi yoyote kati ya hizo mbili za kuvuta, kwenye 3 wala kwenye 5, mrudishie muuzaji simu yake.